Mzinga wa Jailos Haujawahi Kulia

Ukifika Iyunga, pale karibu na barabara kuu, ukaulizia fundi wa meno bandia, utaoneshwa chumba chenye mlango wa bluu na dirisha pana. Ndani utamkuta Jailos Mwasomola amekaa mbele ya taa ya spiriti, anapasha moto kisu chembamba cha kuchongea nta. Wazee wengi wa Mbeya wanaotafuna nyama choma leo wanaitafuna kwa meno aliyoyatengeneza yeye. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye aibu ya kupitiliza. Anaweza kukaa kutwa nzima bila kusema neno, na jioni akafunga mlango akaenda zake nyumbani bila kuona amepungukiwa na kitu.

Lakini dirishani kwake hajapanga meno. Utaona mizinga. Mizinga ya vita, ya zamani, yenye magurudumu ya mbao na mitutu myeusi, na mkubwa kuliko yote haufiki urefu wa kiberiti. Pembeni ya kila mzinga wamesimama askari wake, wa kimo cha kidole gumba, huyu kashika mti wa kushindilia baruti, yule kachutama na kombora mikononi.

Hayo yalianza kwenye simu. Siku moja, akisubiri plasta ikauke, Jailos aliangukia video ya wazee wa nchi moja ya baridi waliozunguka meza yenye vilima na mito ya kuchora. Walikuwa wanasogeza askari wadogo, wanarusha dadu, na wanagombana kweli kweli juu ya vita vilivyokwisha kabla babu zao hawajazaliwa. Mwingine angecheka akapita. Jailos alitazama zana walizoshika, akatazama zana zilizokuwa mezani kwake, akaona ni zile zile: kisu kile, nta ile, msasa ule mwembamba. Jioni ile hakutengeneza jino.

Mtutu wa kwanza aliutoa kwenye bomba la sindano. Kigari cha mzinga alikichonga kwenye kijiti kile ambacho daktari humkandamizia mgonjwa ulimi, na magurudumu yalikuwa vifungo vya koti. Wapiga mzinga aliwanunua soko la Mwanjelwa, makomandoo wa plastiki wa kijani wanaouzwa kwa pakiti, kisha akawabadilisha. Alikata kichwa kwa wembe akakigeuza kitazame upande mwingine. Alichovya mkono kwenye maji ya moto ya chupa ya chai, akaukunja ungali laini. Bunduki aliinyofoa, mahali pake akatia kijiti cha ufagio, na kofia ya chuma akaisaga kwa msasa mpaka ikapotea, akamjengea tarbushi ya nta yenye kitambaa cha kufunika shingo. Komando wa vita isiyojulikana akawa askari wa enzi za Mjerumani. Dada yake, Sabina, aliyekuwa anakaa naye, alimwambia waziwazi, "Gwe Jailos, watu wa umri wako wanajenga nyumba." Jailos akajibu kwamba na yeye anajenga.

Labda angezeeka hivyo, yeye na mizinga yake, kama si meno ya Mzee Kalinga. Huyu mzee ni Mhehe wa Kihesa, Iringa, msemaji hodari, na alikuja Mbeya kutengenezewa meno ya juu na ya chini. Wakati wa kuchukuliwa kipimo ilibidi akae na mdomo umejaa unga wa kipimo uliokorogwa mzito kama uji, hawezi kutamka hata herufi, na macho yake yakatua dirishani. Naamini hakuna adhabu aliyowahi kupata iliyomuuma kama ile. Unga ulipotolewa tu aliuliza mizinga ile inapigana na nani. Jailos akakiri kwamba haipigani na mtu. Basi mzee akamsimulia vita ya Lugalo, jinsi alivyoisikia kwa babu yake: safu ndefu ya Wajerumani na askari wao na wapagazi, vichaka viko kimya, halafu vichaka vikasimama vikawa watu. Mizinga, alisema mzee, haikupata hata nafasi ya kupanguswa vumbi.

Alipokuja kuchukua meno alikuja na binti yake, Devota, anayeuza mbegu na dawa za mimea katika duka la pembejeo huko Kihesa. Devota aliinama dirishani, akaikagua mizinga mmoja mmoja, akasema ni mizuri, ila imelengwa kwa wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara, na hao hawana kosa. Akaahidi kumletea adui wa haki. Na alimletea: mashujaa wa waya waliovikwa vitambaa vyekundu na vyeusi, mikuki ya njiti za ufagio, na ngao za maganda ya mbegu za maboga, kila ngao na madoa yake.

Tangu hapo kila mwezi wa nane, zinapokaribia siku za Lugalo, meza ilitandikwa sebuleni kwa Mzee Kalinga. Devota aliongoza Wahehe. Jailos, kwa kuwa ni Mnyakyusa na mizinga ni yake, alibebeshwa Wajerumani, na hakuna aliyemwonea huruma. Aroni, kaka yake Devota, ndiye aliyeshika sheria, na mzee alikaa kwenye kiti chake cha kuegemea akiwasahihisha wote. Sheria ya mzinga ilikuwa ngumu. Lazima kwanza ushushwe mabegani mwa wapagazi, uunganishwe, ushindiliwe, ndipo urushe dadu, na usipopata sita haulii. Mashujaa wa Devota hawakuwahi kumpa Jailos muda huo. Mwaka wa kwanza walimfikia wapagazi hawajatua mzigo. Mwaka uliofuata mtutu ulikuwa bado umelala chini. Devota akawa anamuuliza kama kweli ile ni mizinga ya vita au ni ya nyuki, na kama ni ya nyuki, asali iko wapi.

Sasa niseme mimi, maana yeye kusema ilimshinda: Jailos alimpenda Devota. Alimpenda akimcheka, alimpenda akimshinda, na akirudi Iyunga alisikia chumba chake kimepoa kuliko alivyokiacha. Alinyamaza miaka. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na Sabina alimkumbusha methali hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mwezi wa sita mwaka jana alijikaza, akapiga simu, akauliza kwa pumzi moja kama anaweza kutuma mshenga nyumbani kwao. Kisha Devota akasema, "Njoo kwenye meza. Nitakujibu tukionana uso kwa uso."

Mtu mwenye akili zake angefurahi. Mwanamke anayetaka kukataa hakuiti umfuate mkoa mwingine. Lakini Jailos katika maneno yote yale alisikia neno moja tu, meza, na akajiwekea ndoto kichwani kwamba jibu lake litatoka huko, kwenye mchezo. Mzinga wake ukilia safari hii, Devota atakubali. Usipolia, amekataa. Hakuna aliyemwambia hivyo. Mapenzi humfanya mtu mzima awe mpiga ramli, na mteja wa ramli ni yeye mwenyewe.

Akajenga mzinga ambao mfano wake hajawahi kuujenga. Mtutu aliukata kwenye mti wa chuma wa mwavuli uliovunjika. Gurudumu lilikuwa pete ya bomba la plastiki, na kila mti wake wa ndani ulikuwa kijiti cha kuchokolea meno kilichochongwa upya. Na safari hii makomandoo wa Mwanjelwa aliwaacha. Wapiga mzinga watano aliwachonga mwenyewe kutoka mwanzo, kwa nta ile ya pinki ya meno, kila mmoja na sura yake. Aliwachonga midomo wazi, kwa sababu alisoma mahali kwamba mpiga mzinga hufungua mdomo ili mlio usimpasue masikio. Midomo ikishafunguliwa, fundi meno afanyeje? Akawatia meno, ya juu na ya chini.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la watu wa baridi. Katika kazi yake nta ni njia tu. Unachonga nta, unaifukia kwenye plasta, unaiyeyusha itoke, na kwenye uwazi inaobakiza unashindilia akriliki, ile plastiki ngumu ya meno, ndipo unapata kitu cha kudumu. Jailos anajua hilo usingizini. Lakini sura zilikuwa zimekaa vizuri mno, akaogopa kipovu cha hewa ndani ya plasta kisije kikamla askari pua. Tena baridi ya Mbeya ilikuwa kali hata kokoto zingetaka blanketi. Alimwangusha mmoja sakafuni kwa bahati mbaya, akagonga kama jiwe, hakuchubuka. Basi akawapaka rangi ya kucha hivyo hivyo, wakiwa nta. Sabina aliwatazama akasema hajawahi kumwona kaka yake akimpelekea mteja meno ya nta. Jailos akamjibu kwamba hawa hawatatafuna.

Siku chache kabla ya safari Devota akapiga simu. Vitunguu vya Aroni vilikuwa vimeiva, na Aroni analima Ruaha Mbuyuni, huko chini ya mlima Kitonga. Hawezi kuviacha shambani. Mzee ameamua kwamba kama mshika sheria haji kwenye meza, meza itamfuata. Jailos alisema hakuna tabu. Alichowaza ni matuta ya barabarani tu, akaongeza pamba kwenye boksi.

Alipanda basi asubuhi na ukungu, amevaa sweta na juu yake koti, boksi mapajani. Nyololo upepo ulikuwa unaingia madirishani kama umekata tiketi. Walipopita Lugalo alitazama nje kwa heshima. Baada ya Ilula basi likaanza kuteremka Kitonga, na kila kona abiria mmoja alivua kitu. Jailos alivua koti, akavua sweta, na kwa kuwa vumbi lilikuwa linaingia, lile koti zito la Mbeya akalifunika juu ya boksi, akalipigapiga kwa upole, kama mama anayemlaza mtoto.

Devota alikuwa amesimama kando ya barabara, kajifunika kanga kichwani kwa ajili ya jua. "Kamwene," alimsalimia, na Jailos akaitikia, "Kamwene," na maneno yote aliyoyapanga tangu Makambako yakakauka. Alimwona amefungua mdomo kutaka kusema jambo. Akamwahi. Akamwambia ngoja kwanza nikaweke mzinga, jua lisije likauharibu, akampita na boksi lake. Devota akafunga mdomo, akamfuata.

Meza ilikuwa ndani ya banda la vitunguu, paa la mabati, na joto la humo lingeivisha ugali. Mzee alishavua koti, jambo ambalo Jailos hakuwahi kuliona. Boksi likafunguliwa mbele ya wote.

Mzinga ulikuwa mzima. Wapiga mzinga walikuwa wameinama. Mmoja alikuwa amelikumbatia gurudumu. Wawili walikuwa wamelaliana mabegani kama walevi wanaosindikizana, na midomo ile iliyofunguliwa kwa ajili ya mlio ilikuwa imevutika mpaka kifuani. Aroni alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. Mzee Kalinga aliinama, akawatazama sana, akasema mwaka huu wamejisalimisha mapema. Kisha Aroni, akijifuta machozi, akakumbusha sheria: askari asiyesimama kwa miguu yake amehesabiwa amekufa, na mzinga bila watu ni chuma tu.

Jailos hakucheka. Wenzake walidhani ameumia kwa kazi yake kuharibika, na kweli iliuma, lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kingine. Aliona amekwishajibiwa. Aliwatazama wale watano walioinama akasoma kwenye migongo yao neno hapana, na akaanza kuwaza basi la kurudi linapita saa ngapi.

Devota alichukua bakuli, akawakusanya wale askari kwa kanga yake ili mkono wake usiwazidishie joto, akamwambia Jailos amfuate. Walipita katikati ya majaruba ya vitunguu mpaka kwenye mfereji wa kumwagilia, mahali penye kivuli ambapo maji yalikuwa baridi. Akachota, wakawazamisha. Nta ikaanza kukaza. Jailos akawa anawanyoosha mmoja mmoja chini ya maji, magoti kwanza, kisha mgongo.

"Mbona kama uko msibani?" Devota akamuuliza. "Nta tu hii."

"Si nta," Jailos akasema. Na kwa kuwa hakuwa amebakiza cha kuficha, akamweleza yote: dadu, ile sita, jinsi alivyojiambia kwamba mzinga ukilia amekubaliwa na usipolia amekataliwa.

Devota akamweka chini askari aliyekuwa mkononi. Alikasirika, na hakuficha.

"Kwa hiyo dadu ikisema hapana, ungepanda gari ukarudi Mbeya?"

"Ndiyo."

"Bila kuniuliza mimi?"

Jailos alijiona, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita, jinsi alivyokuwa anaonekana kwa mtu wa pili: amehangaika na mtutu, na magurudumu, na meno ya watu wadogo, na katika hangaiko lote hilo hakumwachia Devota hata nafasi ya kusema neno moja.

"Nimesimama pale barabarani tangu asubuhi," Devota akasema. "Nina jibu langu mdomoni. Unanipita na boksi. Jibu ni langu, Jailos, halirushwi mezani."

"Basi naliomba."

"Omba vizuri."

Jailos akapangusa mikono kwenye suruali. Akamwambia kwamba anampenda, amempenda tangu siku aliyowatetea wauza ndizi, na anataka wazeeke pamoja, na siku meno yake yakianza kung'oka atamtengenezea mwenyewe, yatakuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kuyatengeneza. Haikuwa hotuba ya mtu aliyezoea. Devota alijaribu kubaki na hasira yake ikamponyoka, akacheka mpaka akashika ukingo wa mfereji.

"Nimekubali," akasema. "Nilikubali siku ile ile uliyopiga simu. Nilitaka tu nikuone sura nikikwambia." Kisha akainua bakuli. "Ila mezani nitakuchapa. Usitegemee huruma."

Na alimchapa. Wapiga mzinga walirudi wamesimama, wamepinda kidogo kama watu waliolala kwenye basi, na Aroni baada ya kuwazunguka akaruhusu wahesabiwe hai, mradi bakuli la maji likae pale pale. Vichaka vikasimama vikawa watu. Wapagazi wakatupa mizigo, safu ikakatika katikati, na Devota akawa anasogeza ngao zake za mbegu za maboga bila hata kumtazama mchumba wake. Lakini mzinga mpya ulikuwa nyuma, umejificha kwenye kigongo cha kilima, na kwa mara ya kwanza tangu meza ile ianze, uliwahi. Ukashushwa. Ukaunganishwa. Ukashindiliwa. Mashujaa walikuwa upana wa vidole viwili kutoka kwenye gurudumu.

Mzee Kalinga akasogeza kiti mbele, kwani hata yeye, Mhehe damu, alikuwa na hamu ya kusikia walau mara moja. Aroni akamkabidhi Jailos dadu. Kwa majuma mengi Jailos alikuwa akiota dadu ile, na sasa ilikuwa kiganjani mwake, nyepesi kama punje ya mahindi. Akairusha. Wote wakainama kuitazama isipokuwa yeye, ambaye alikuwa anatazama kucha za Devota, ambamo nta ya pinki ilikuwa imenasa na yeye mwenyewe hajui.

"Mbili," akasema Aroni.

Mzee akavuta pumzi ya masikitiko. Akaunyoosha mkono wake mwenyewe, akawasogeza mashujaa mpaka kwenye mzinga, akauangusha kwa kidole kimoja.

"Haukulia tena, mkwe," akasema. "Mwakani walete wa akriliki."

Hakuna aliyemsahihisha lile neno mkwe, ingawa mshenga alikuwa bado hajatumwa. Aroni alianza kukusanya askari, Devota akaenda kutafuta chai, na Jailos alibaki amesimama pale mdomo wazi, sawasawa na wapiga mzinga wake.